Mashine Inayojipangia Rezo Yazinduliwa Wamaza

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Bwana Administrata wa Teritwari, ambaye mwenyewe angekuwepo kama angekuwepo. Chifu Ayoubu na wazee wako, mlioketi na mliokosa viti. Sheikh wetu na jamaa zake, Padri wetu na kwaya yake, Mchungaji wetu na ngoma zake. Madamu Mwalimu Mkuu na wanafunzi walioletwa hapa toka asubuhi kwa hiari yao ya lazima. Akina mama wa soko, akina baba wa kivulini. Wakulima wa mpunga, wa muhogo na wa karanga. Waendesha pikipiki mlioegesha kwa ustaarabu. Wajane, wachumba na walio kati ya hayo mawili. Mgeni mashuhuri, yaani mimi. Mabibi na mabwana, kila mmoja kwa cheo chake, na wasio na cheo kwa matumaini yao: itifaki yote imezingatiwa, na kama kuna aliyesahauliwa ajihesabu amesalimiwa kwa njia ya otomatiki. (Makofi ya heshima. Mbuzi mmoja anafukuzwa uwanjani.)

Mimi naitwa Roger Ngongo, Mratibu Mkuu wa Ofisi ya Uratibu wa Rezo Zote za Kusini, na pia Naibu wa Mratibu huyo anapokuwa safarini. Nimetoka Kasongo alfajiri kwa gari la jipu, nimepita matope ambayo mtu wa cheo cha chini asingeyapita, ili nije kuwaletea ninyi watu wa Wamaza kitu ambacho hamkukiomba, na hilo ndilo linaloonyesha ukubwa wa serikali, kwa maana kukupa ulichoomba hata jirani anaweza.

Naona mmenipa mikrofoni yenye nguvu. Nimeambiwa betri yake ni ile ya foni ya kituo cha afya, yaani ile redio ya zamani ya kuongelea mbali, na kwamba mliichomoa asubuhi kwa ukarimu, kwa sababu hapa kwenu mgeni hapewi kiti na maji tu, hupewa na sauti. Jambo la kupongezwa. Nimeambiwa tena na Chifu Ayoubu kwamba kwa mila zenu neno la mgeni halikatwi mpaka yeye mwenyewe atamke shukrani. Akishashukuru, hapo amemaliza, na kila mtu anachukua chake. Mila nzuri sana! Mimi ni mtu wa kuheshimu mila, kwa hiyo shukrani nitaziweka mwisho kabisa, mahali pake, na wala sina haraka ya kufika huko. (Watu wanaangaliana.)

Ndugu wananchi, dunia imebadilika. Zamani mtu akiwa na kompyuta moja aliitwa tajiri, akiwa na mbili aliitwa mwizi, lakini leo akiwa nazo kumi shida yake ni kwamba hazisalimiani, yaani hazina rezo, ule mtandao wa kuziunganisha. Kompyuta hii haijui jina la ile, printa inakataa karatasi ya mgeni, na kile kisanduku chenye taa ndogondogo, ambacho sisi wataalamu tunakiita ruta, kinafunga njia bila kumuaga mtu. Ndipo anapohitajika fundi wa kufanya konfigirasio, yaani wa kukiambia kila chombo wewe ni nani, unakaa wapi, unapokea amri kwa nani, na mlango gani usiufungue hata wakibisha. Kazi hiyo inachosha mno. Mimi mwenyewe niliwahi kuisikiliza siku mbili mfululizo katika semina kule Kindu, na nilirudi nyumbani nikiwa mgonjwa.

Ndipo ofisi yangu, baada ya vikao, vikao vidogo na vikao vya kupanga vikao, ikavumbua Mashine Inayojipangia Rezo, kwa kifupi MAJIRE, mfumo wa netiweki menejimenti wa kizazi cha saba (vile sita vya kwanza tulivivuka ili kuokoa muda), ambao unajitambua wenyewe, unajipa anwani wenyewe, unajikosoa wenyewe na kujisamehe wenyewe. Kompyuta mpya ikifika, MAJIRE inaikaribisha, inaiuliza ukoo wake, inaipa namba ya nyumba na kuionyesha mkubwa wake. Kompyuta ikikosea, MAJIRE inairudisha jana, ilipokuwa bado haijakosea. Fikirieni, mama zangu, kama kitu cha namna hiyo kingepatikana kwa waume! (Vicheko upande wa akina mama. Upande wa akina baba, kikohozi.)

Na msidhani ni maneno matupu. Mashine yenyewe ipo hapa juu ya meza, chini ya kitenge hiki cha bluu. Sitaifunua, kwa sababu konfigirasio ya kwanza inaogopa vumbi, lakini umbo lake mnaliona, pana juu, jembamba kiunoni, umbo la kisasa kabisa. (Minong'ono. Muuguzi wa kituo cha afya, Naomie, anasimama katikati ya uwanja, bado amevaa glavu: "Mheshimiwa, unisamehe. Esther-Divine, mutoto wa mama Sifa, iko na uchungu toka jana. Mutoto amekingama tumboni, mimi siwezi, iko lazima dokta amupasue. Na dokta wetu anazunguka, leo Kasongo, kesho Kabambare, hatujue iko upande gani. Tukimubeba njia ya Kabambare na dokta iko Kasongo, atakufia njiani. Tunaomba betri tuulize kwa foni. Swali moja tu.")

Binti yangu Naomie, keti. Swali lako ni zuri mno, na limekuja wakati wake, kwa kuwa linaonyesha waziwazi lile pengo ambalo mradi huu umekuja kuliziba. Katika MAJIRE, kila mtumishi wa serikali ataonekana kwenye kioo kama nukta. Daktari atakuwa nukta ya kijani. Mkitaka kujua nukta ya kijani iko wapi, mtagusa kioo, na kioo kitawajibu kwa Kifaransa, kwa Kiswahili, kwa Kibangubangu na kwa Kizimba, kisha kitawauliza kama mmeridhika na huduma. Lakini hayo ni mambo ya awamu ya pili. Leo tumo katika awamu ya kwanza, ambayo ni awamu ya kueleza awamu. (Sauti ya mwanaume: "Wewe si umetoka Kasongo leo? Dokta hukumuona?") Ndugu uliyeuliza bila kusimama, nilipotoka Kasongo vioo vya jipu vilikuwa vimefungwa kwa sababu ya ubaridi, na mtu wa cheo changu hatazami pembeni. Halafu hata ningemwona, nikikujibu mimi kwa mdomo nitakuwa nimeingilia kazi ya sistemu. Habari haiendi hivihivi toka kwa mtu kwenda kwa mtu kama chumvi ya jirani. Inapita kwenye itifaki!

Sasa nije kwenye takwimu, maana bila takwimu kiongozi ni mpiga hadithi. Kompyuta zilizoandikishwa katika eneo letu zima la Kasongo na Kabambare ni arobaini na sita, na nasimama hapa kifua mbele kuwatangazia kwamba zote arobaini na sita ziko katika hali bora kabisa, kwa sababu hakuna hata moja iliyowahi kuwashwa. Chini ya uongozi wangu, makosa ya konfigirasio yamepungua kwa asilimia mia moja na kumi na mbili, yaani tumemaliza yaliyokuwepo na tumeanza kula akiba ya yale ambayo hayajatendeka. Wavuvi wa Nyangwe wataona kwenye kioo samaki wako wapi katika Lualaba, na samaki nao wataona mtumbwi uko wapi, kwa kuwa rezo haina ubaguzi. (Mzee mmoja mwenye kofia ya mkeka anainuka. Ni Kassimu, mwendesha foni wa kituo: "Mheshimiwa, jua haijatoka siku hizi, ni mawingu tu, paneli haichaji. Ile nguvu unasemea ndiyo ile ya kuitia Kasongo. Kila neno unatoa, iko inapunguka.")

Muzee Kassimu, nakuelewa, na nimeguswa. Ndiyo maana kuanzia sasa nitatumia maneno marefu, ili yawe machache. Utekelezaji wa uanzishwaji wa ushirikishwaji wa mitandao jumuishi, basi, hautegemei betri, unategemea dira. Na dira ni mimi. Nani aliyewaletea bango la kwanza lililoandikwa "Hapa Patakuja Rezo"? Ni mimi. Na lilipoliwa na mchwa, nani aliyekuja kulizindua upya? Bado ni mimi. Kuna watu Kasongo wanaosema Ngongo anapenda kusema. Waulizeni kama wao wana cha kusema! (Kwaya, kwa ishara ya Padri, inaanza kwa sauti kubwa wimbo wa kushukuru, na wote wanamtazama Mheshimiwa mdomoni. Mheshimiwa anapiga makofi kufuata ngoma. Hashukuru. Kwaya inanyamaza.)

Wimbo mtamu. Sijui mbona mmeukata.

Niendelee. Mtauliza, je, Mheshimiwa, hiyo MAJIRE itajuaje kompyuta ipi ni mkubwa na ipi ni mdogo? Swali la kisomi. Itajua kwa heshima. Kompyuta ndogo haitamwita kubwa kwa jina. Itapitia kwa katibu wake. Ikiwa kompyuta ya Wamaza ina haraka na kompyuta ya Kasongo, itaandika ombi, ombi litalala usiku mmoja kwenye kompyuta ya kati kama mgeni anavyolala njiani, litaamka, litanawa uso, na ndipo litakapoendelea na safari. Huo ndio usalama. Haraka ndiyo inayoleta virusi. (Mtu analeta maji kwenye sahani, amepiga goti. Mheshimiwa anakunywa. Uwanja mzima umenyanyuka nusu kutoka vitini, unangoja. Mheshimiwa anafuta mdomo na kutikisa kichwa. Uwanja unakaa.) Maji ya hapa yana ladha ya chuma. Nitaiweka ladha hiyo kwenye mpango.

(Mama Sifa, mama yake Esther-Divine, anapita katikati ya watu na jogoo mwekundu, anapanda jukwaani, anapiga magoti. Kilemba kimemlegea. "Pokea, baba. Sina kingine. Pokea useme ile neno, tuchukue betri. Mutoto wangu analia, na sasa ameanza kunyamaza.") Mama yangu, inuka, inuka. Mwoneni huyu mama! Hiki ndicho tunachokiita ushiriki wa wananchi. Jogoo huyu nampokea kwa niaba ya ofisi, atahesabiwa kama mchango wa walengwa, na atasafirishwa Kasongo kwa utaratibu. Uchungu wa mama ni wa taifa zima. Mimi mwenyewe nilizaliwa. (Mngurumo wa hasira. Mama Sifa habanduki, amebaki amepiga magoti, macho chini.)

Tulieni, tafadhali. Nafahamu mnachokihisi, ni kile tunachokiita hofu ya teknolojia. (Mikrofoni inakwaruza. Kassimu: "Inaisha! Jamani inaisha!" Naomie anavua glavu zake, anazitupa chini, na anasema polepole, bila kupandisha sauti: "Mheshimiwa, ule mutoto hana awamu ya pili.")

(Anasikika jogoo tu.)

Maneno hayo ni mazuri. Laura, mpiga picha wangu, yaandike, nitayasema Kindu. Basi, kwa kuwa naona mawingu yanashuka na Laura ananionyesha kwamba mwanga wa picha unapotea, tuingie moja kwa moja kwenye kilele cha shughuli. Nitatoa kauli mbiu, ninyi mtasimama wote, mtainua mikono, mtapiga makofi ya nguvu, na Laura atapiga picha. Wafadhili wanataka kuona nyuso na mikono. Haya! MAJIRE! (Hakuna anayejibu.) Nimesema, MAJIRE! Mtajibu: Inajipanga! (Hakuna.) Rezo! Mtajibu: Mpaka Kabambare! (Watu elfu nzima wamefumbata mikono. Hata watoto wa shule wamefumbata.) Rezo...? Wanafunzi? Madamu? (Madamu Mwalimu Mkuu anaangalia viatu vyake.)

Chifu Ayoubu, nini hiki? Watu wako wamekufa mikono? (Chifu Ayoubu anainuka taratibu, anajipangusa kanzu: "Mheshimiwa, usikasirike. Hapa kwetu makofi na shukrani ni vitu vya kubadilishana. Hatuwezi kumukata mugeni, hapana. Lakini kumupigia makofi mbele hajashukuru, ile pia ni mwiko. Toa, utapewa.") Mwiko huo uliniambia lini? ("Umeanza leo, Mheshimiwa.")

Ngongo hashindwi na desturi. Laura, kaa tayari. Upande huu, kile choo kisionekane. Wote tayari? Basi, ndugu zangu wapendwa wa Wamaza, mimi Roger Ngongo, Mratibu Mkuu, kwa moyo mkunjufu, kwa niaba yangu mwenyewe na kwa niaba ya wote walioniona, nasema kwenu: asanteni!

(Uwanja unalipuka. Makofi, vigelegele, filimbi. Watu wote wamesimama, wanapiga makofi wakikimbia, mgongo wamempa Mheshimiwa, kuelekea kituo cha afya. Naomie ameshachomoa nyaya. Vijana wanne wameinua betri juu ya vichwa kama bibi harusi. Kassimu anakimbia mbele yao kofia mkononi. Mikrofoni imekufa. Laura anapiga picha ya migongo. Mbele ya jukwaa amebaki Mama Rachida, mwenye meza, na wazee wachache wasioweza kukimbia.)

Wamefurahi sana. Mmeona walivyofurahi? Basi niwamalizie ninyi mliobaki, kwa sauti ya kawaida, maana shukrani zikishaanza hazirudi nyuma.

Namshukuru Mama Rachida kwa kutuazima meza, na kwa kutuazima kinu chake hiki tulichokifunika kitenge. Najua ana sombe, majani ya muhogo, ya kutwanga, arudishiwe kabla ya jioni. Namshukuru fundi Hervé, aliyekigeuza hicho kinu juu chini kikapata umbo la kisasa. Nawashukuru wafadhili, ambao hawakutusumbua kwa kutaka kuona mashine. Walitaka picha ya watu wanaopiga makofi, wakatuachia sisi uhuru wa kufikiria wanapigia nini. Naishukuru Ofisi ya Uratibu wa Rezo Zote za Kusini, ambayo itafunguliwa siku itakapopata mlango. Na namshukuru yule kijana aliyetoa mafunzo kule Kindu, kwa sababu yeye ndiye aliyeniambia kwamba mashine za kupanga rezo zipo huko duniani kwa wenzetu, nami tangu siku ile sikuona sababu ya kutafuta nyingine. (Mama Rachida anakunja kitenge, anainamisha kinu, anakifuta ndani kwa kiganja.)

(Kutoka kituo cha afya inasikika sauti ya Kassimu, "Kasongo, Kasongo, hapa Wamaza, unanipata?", kisha mkwaruzo, kisha sauti nyembamba ya mtu wa mbali. Halafu watu wote wanapiga kelele kwa pamoja: "Iko Kasongo! Dokta iko Kasongo!" Vigelegele. Mlango wa jipu unafungwa kwa kishindo.)

Mnawasikia? Bado wananishangilia! Asanteni, asanteni! Na ile jipu yangu wanaizungusha ya nini? Ni gwaride? Mbona wameweka godoro? Glody! Dereva wangu Glody! Mama Sifa ameketi mahali pangu! Simamisha, Glody, mimi bado sijapanda! (Jipu inapita kando ya uwanja, Naomie ndani amemshika mtu aliyelala, mkono mmoja mwembamba umeng'ang'ania dirisha. Inashika njia ya Kasongo, pikipiki zote za uwanjani zikiifuata, na kupotea.)

(Mheshimiwa ameshuka jukwaani. Jogoo yuko mkononi mwake. Kassimu anarudi akitembea, kofia imerudi kichwani.)

Muzee Kassimu, ndugu yangu, mimi na wewe ni watu wa rezo. Nakuomba, bila itifaki yoyote, niitie Kasongo kwa ile foni yako, waniletee hata pikipiki.

("Betri imekufa, Mheshimiwa. Imejibu lile swali moja, ikazima. Nguvu ingine yote ulisemea wewe.")